Bei ya Spea ya Trekta Huanzia Kwenye Kibati

Siku nilipoleta klachi pleti isiyo yake, trekta ilikuwa imetenganishwa katikati: injini mbele, gia boksi nyuma, magogo na jeki vimeishikilia. Fundi aliichukua ile pleti, akaijaribisha kwenye shafti, akaigeuza, akaijaribisha tena. Kisha akaniuliza, "Ulimwambia unataka nini?"

Nilikuwa nimemwambia muuzaji kile nilichodhani kinatosha: klachi pleti ya Massey Ferguson 135. Sikujua kwamba 135, ambayo ilianza kuundwa mwaka 1964, ilitoka kiwandani kwa namna zaidi ya moja. Zipo zenye klachi moja, zipo zenye mbili, ya pili ikiwa ya PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha zana. Yangu ni ya mbili. Niliyouziwa ilikuwa ya moja, na meno yake ya katikati hayakukubali shafti yetu. Duka likakataa kurudisha pesa, na fundi alilipwa kwa siku alizokaa bure. Wiki nzima nililaani lile duka. Leo nikilikumbuka naona aibu kidogo, maana muuzaji alinipa hasa nilichomwomba.

Watu wakiniuliza nawezaje kupata spea kwa bei nafuu, hudhani nina mtu wangu dukani. Sina. Ninachofanya ni kwenda kaunta nikiwa na namba. Muuzaji anayesikia "nataka pampu ya maji ya trekta" anajua huna pa kulinganisha bei. Ukimtajia namba ya spea, anajua kwamba duka la jirani nalo limeulizwa.

Namba zenyewe zinachanganya, kwa hiyo tuzitenganishe. Kibati cha trekta kina modeli na namba ya mfululizo, na hiyo ndiyo inayomwambia mwenye katalogi trekta yako ni ya toleo lipi. Injini ina namba yake, peke yake, imegongwa kwenye bloku. Usizichukulie kuwa ni kitu kimoja, hasa kama trekta uliinunua mkononi mwa mtu. Nimeona trekta yenye kibati cha toleo fulani na injini iliyotoka kwenye mashine nyingine kabisa, na mwenyewe akihangaika na gasketi zisizokaa. Halafu kuna namba kubwa zilizotokeza kwenye chuma, zile za kalibu. Hizo ni za kiwanda cha kuyeyusha chuma. Chuma kilekile cha kalibu kinaweza kuchongwa kwa namna mbili tofauti kikawa spea mbili tofauti. Muuzaji akikuomba namba ukampa ya kalibu, mnaanza kupotea pamoja.

Namba ya spea nayo hubadilika. Kiwanda kikiboresha kitu, namba ya zamani hufutwa na mpya huchukua nafasi yake. Kampuni zikinunuana, namba hubadilika tena: Fiat ilichukua trekta za Ford mwaka 1991, AGCO ikaichukua Massey Ferguson mwaka 1994. Ndiyo maana unaweza kuambiwa "hiyo haipo tena, ilishasitishwa" wakati ipo rafuni kwa jina jingine. Swali la kumuuliza ni fupi: namba hii ilibadilishwa na ipi? Mwenye katalogi nzuri hukujibu hapohapo. Asiyejua na hataki kutafuta, mshukuru uende kwingine.

Sasa nije kwenye jambo lililoniokolea pesa nyingi kuliko yote. Sehemu kubwa ya vitu unavyobadilisha kwenye trekta si vya trekta. Vimetengenezwa na viwanda vinavyouzia kila mtu, kisha vikatiwa kwenye boksi lenye nembo ya trekta.

Chukua beringi. Ifute grisi, soma ubavuni. Ikiandikwa 6205, basi tundu lake ni milimita 25, kipenyo cha nje 52, unene 15, iwe imetoka kiwanda chochote duniani. Tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, ukizizidisha kwa tano unapata tundu la ndani: 06 ni 30, 07 ni 35. Herufi zinazofuata zina kazi yake. 2RS ni mpira pande zote mbili, ZZ ni bati, C3 ni beringi iliyolegezwa kidogo kwa ajili ya joto. Nenda na maandishi hayo yote kwa muuza beringi, si kwa muuza trekta. Mara ya kwanza kufanya hivyo nilirudi nyumbani nikaisoma risiti mara mbili, kwa sababu tofauti ilikuwa ya kuchekesha. Angalizo moja: beringi za koni za vipimo vya inchi huwa na namba mbili, ya koni na ya kikombe chake. Chukua zote mbili.

Oili sili nazo ni vipimo vitatu tu: kipenyo cha shafti, kipenyo cha nje, unene. Mara nyingi vimeandikwa juu yake. Krosi ya shafti ya PTO, kile kiungo chenye umbo la msalaba, unaipima kwa kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo: kipenyo cha kikombe na urefu toka kikombe hadi kikombe; milimita 27 kwa 74.6 ni saizi inayopatikana kwa yeyote anayeuza shafti za zana. Mikanda, mipira ya haidroliki, taa, hali ni hiyohiyo. Kalipa ya bei ya chini kabisa hujilipa kwa safari moja.

Bolti zinastahili tahadhari. Trekta nyingi za zamani zina nyuzi za inchi, UNF (nyuzi za karibukaribu) na UNC (nyuzi za mbalimbali), hata kama kila kitu kipya kinachouzwa ni cha milimita. Bolti ya nusu inchi ni milimita 12.7, na M12, yaani ya milimita 12, huingia kwenye tundu lake kwa ulegevu, unahisi inazunguka, kisha siku ya kazi nzito inang'oka. Na hata za nusu inchi haziko sawa: UNF ina nyuzi 20 kwa kila inchi, UNC ina 13.

Injini nayo ina mlango wake wa pembeni. Ile Perkins ya silinda tatu iliyomo kwenye 135 iliwekwa pia kwenye mashine nyingine zisizo trekta. Kwa hiyo muuza spea za injini anaweza kuwa na pistoni zilezile ambazo duka la trekta linaziita adimu. Lakini huko ukiingia bila vipimo utaumia. Beringi za krenki hugongwa mgongoni saizi yake: 0.010, 0.020 au 0.030 ya inchi, kulingana na krenki ilivyochongwa. Kusema "nataka beringi za krenki za Perkins" ni kusema nusu ya sentensi. Zitoe za zamani kwanza, zisome, kisha mchongaji apime krenki. Usinunue kabla hajapima.

Kuhusu orijino na za kuigiza nimebadilisha mawazo mara kadhaa. Wauzaji hupenda kukutupia methali, rahisi ni ghali, wakati mkono wao umeshika boksi la bei ya juu. Ukweli una ngazi tatu: ya nembo ya trekta, ya kiwanda kilekile kilichoitengenezea trekta lakini kwenye boksi lake chenyewe, na ya kuigiza. Ngazi ya katikati ndiyo ninayoitafuta siku zote, na muuzaji hataitaja mpaka umwulize nani aliyeitengeneza. Za kuigiza nazinunua bila wasiwasi kwa madigadi, kiti, bomba la moshi, vioo vya taa. Gasketi ya silinda hedi, nozeli, pleti za breki na chochote kilichoko ndani ya haidroliki sinunui za kuigiza, kwa sababu kuzitoa tena ni kazi kubwa kuliko bei yake. Filta nazo: ya hewa na ya oili nataka za jina ninalolijua. Filta ya oili inaweza kuwa na uzi uleule na umbo lilelile, ikakosa vali ya ndani inayoruhusu oili ipite inapoziba, na wewe usijue kamwe kwa kuitazama.

Namna ya kuuliza bei. Napiga simu maduka matatu au manne siku moja, nataja namba, nauliza maneno yaleyale: ipo au inaagizwa, ya nani, bei na usafiri, na ikiwa si yenyewe inarudishwa? Swali hilo la mwisho liulize mapema, na likijibiwa ndiyo, omba liandikwe kwenye risiti. Vifaa vya umeme karibu kila duka hukataa kuvirudisha, na sioni ubaya, kwa sababu wengi huunguza alteneta kisha wakadai walipewa mbovu. Sitaji bei ya duka jingine mpaka nimesikia yao. Na simwombi mtu apunguze bei ya kitu kimoja kidogo. Nasubiri niwe na orodha, filta za msimu mzima, mikanda, sili, ndipo naomba bei ya vyote kwa pamoja.

Msimu ukishaanza, hayo yote yanakufa. Trekta ikilala shambani mvua ikiwa imeshanyesha, utalipa unachoambiwa, na muuzaji analijua hilo kuliko wewe. Kagua mashine wakati wa kiangazi.

Niwatendee haki wenye maduka. Spea inayokaa rafuni miaka mitatu ikisubiri mteja mmoja ina gharama, na ile nyongeza ndogo juu ya bei ya chini kabisa mara nyingine ni malipo ya mtu kukumbuka trekta yako. Ninaye mmoja ambaye si wa bei ya chini. Niliwahi kumwendea nikitaka pampu nzima ya haidroliki. Akauliza inavuja wapi, akaniuzia seti ya sili badala yake. Alipoteza mauzo makubwa siku ile. Tangu hapo simu yangu ya kwanza huwa kwake, na akinizidi kidogo sibishani.

Jambo dogo la mwisho: usitupe la zamani. Stata, alteneta na pampu za dizeli mara nyingi hupunguzwa bei ukirudisha gamba la zamani, na hata pasipo punguzo, kitu kilichooshwa ukakiweka kaunta kando ya kipya humaliza ubishi. Hesabuni meno pamoja, pimeni pamoja, ndipo utoe pesa.

Ile pleti ya klachi moja ilikaa darini miaka mingi. Nimeiuza majuzi kwa mwenye 135 nyingine. Alitaka kulipa na kuondoka. Nikamzuia mpaka akalete ya kwake.