Fremu ya Chuma Unaweza Kuijenga Uani Kwako

Kijana mmoja wa Ngaramtoni ameniandikia: "Kaka, natamani sana kutengeneza fremu za baiskeli kama zako, lakini mashine ya kuchomelea sina na mtaji wa kuinunua sina. Nianzie wapi?" Namjibu hapa kwa sababu najua wengi mnaosoma mna kiu hiyohiyo: kupanda baiskeli iliyotoka mikononi mwako, inayobeba unachotaka kubeba, kwenye barabara unazozijua mwenyewe.

Jibu la haraka, mdogo wangu: mashine ya umeme isikunyime usingizi. Huihitaji.

Mimi nilianzia hapa Moshi, Pasua, uani kwetu, nikiwa na msumeno wa chuma, tupa na vaisi kuukuu niliyoifunga kwenye gogo. Nilitaka mtu wa kunifundisha. Nikaenda kwa mzee mmoja mwenye karakana, nikampa shikamoo yake, nikamwomba nimshikie vyuma bila malipo, mradi tu nione anavyofanya. Akacheka mbele ya vijana wake. "Fremu hutengenezwa kiwandani," akasema, "wewe kazibe pancha." Jina lake silitaji, lakini neno lile bado linaniuma mpaka leo, na nalisema wazi kwa sababu najua kuna vijana wanaoambiwa hivyo asubuhi hii. Mwenye ujuzi akimfukuza anayekuja kwa adabu, anaua fundi kabla hajazaliwa. Tuache tabia hii, mafundi wenzangu.

Basi mwalimu wangu akawa chuma chakavu. Nilinunua fremu zilizokufa: Phoenix zilizokatika, baiskeli za mtumba za Kijapani zenye kikapu mbele, na zile za milimani za inchi 26. Nikawa nazikata kwenye viungo ili nione ndani. Phoenix ya zamani ndiyo iliyonifumbua macho. Ukiipasua pale bomba la juu linapokutana na kichwa cha fremu, lile bomba fupi la mbele linaloshika usukani, unakuta bomba limechomekwa ndani ya kiungio, na kati ya chuma na chuma kuna mstari mwembamba wa brasi, yaani shaba ya njano, unang'aa kama pete. Kumbe kiwandani wenyewe hawakuyeyusha chuma. Waliyeyusha brasi tu, ikanywewa na ule upenyo, ikashika kwa miaka yote ile.

Ndiyo maana nasema mashine ya umeme isubiri. Chuma kinayeyuka karibu na nyuzijoto 1,500, brasi inatiririka karibu na 900. Bomba zuri la fremu nyepesi lina unene wa milimita 0.9 kwenye ncha na 0.6 katikati. Ukiligusa na ile mashine ya kutengenezea mageti, umetoboa tundu. Gesi inakupa nafasi ya kufikiri. Mimi natumia oksijeni na gesi ya kupikia, kwa bunduki ya moto na mipira ya kupitishia gesi iliyotengenezwa kwa ajili ya gesi hiyo. Mpira wa asetilini, ile gesi nyingine ya kuchomelea, haufai hapo. Weka vizuizi vya moto kurudi nyuma. Mafuta au grisi yasiguse kabisa vali ya oksijeni. Hili nalirudia kwa kila anayekuja kwangu, naomba mlisome mara mbili.

Kazi yenyewe inaanza kabla ya moto. Ncha ya bomba lazima ikatwe kwa mviringo, ikumbatie bomba jingine bila mwanga kupita. Zungushia karatasi, chora, kata, kisha piga tupa, jaribu, piga tupa tena. Sehemu hii inachosha na sina la kuongeza: piga tupa. Halafu msasa mpaka chuma kiwe cheupe, paka flaksi, ile dawa inayokilinda chuma kisiungue ili brasi ishike, kisha washa. Sasa angalia flaksi, usiangalie moto. Mwanzo inachemka na kuvimba, nyeupe kama povu. Inatulia. Halafu ghafla inakuwa angavu kama kioo kilicholowa, na chuma chini yake kinawiva wekundu. Hapo ndipo unagusisha kijiti cha brasi. Kikitiririka chenyewe kuufuata moto, umefika. Kikijikunja kuwa vidonge, joto halijatosha au chuma ni kichafu. Ukimaliza, acha kiungo kipoe taratibu, usikimwagie maji.

Mabomba yaliyopakwa zinki, yale ya maji, yaacheni. Yakipata moto, moshi wake unaleta homa na kifua.

Lakini usianze na fremu nzima. Anza kwa kuongeza vitu kwenye fremu iliyopo. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kuunga vishikio vya breki za V, zile za mikono miwili inayobana rimu kwa raba, kwenye fremu ya mama anayeshusha ndizi kutoka Uru kwenda soko la Mbuyuni. Wanaoijua barabara ile wanajua: mzigo mzito, mteremko, mvua ya masika, na breki za vyuma zinazosugua rimu ya chuma iliyolowa. Hazishiki. Tukaweka rimu za alumini na breki za V. Akarudi baadaye akitaka mkia wa baiskeli urefushwe ili mkungu ulale bila kumgonga mgongoni. Hiyo ikawa shule yangu ya kunyoosha mstari. Funga uzi kwenye sikio moja la nyuma, pale ekseli ya gurudumu inapofungwa, uupitishe kuzunguka kichwa cha fremu, uurudishe kwenye sikio la pili, kisha pima pengo kati ya uzi na bomba la siti pande zote mbili. Yasipolingana, fremu imepinda. Chuma kina huruma hapo, unakivuta taratibu mpaka kinyooke. Alumini usijaribu.

Fremu niliyoijenga nzima, bomba kwa bomba, ndiyo anayoendesha sasa mwana wa mama yule. Msimu mzima wa ndizi umeisha nayo na haina ufa. Nimemwona akipita mbele ya karakana ileile, na siwezi kuficha kwamba nilifurahi sana.

Kwa hiyo vijana, msikae mkingoja mkopo, msingoje mtu awape ruhusa. Tafuteni chuma chakavu, kateni, angalieni ndani. Mwenye bidii hufika, na asiye na bidii hata ukimpa karakana nzima ataifanya banda la kuku.

Ukishamkabidhi mtu fremu, mwambie airudishe baada ya mwezi mmoja wa mzigo. Ifute vumbi, uikague chini ya bomba la chini, sentimita chache nyuma ya kichwa, maana breki na mzigo vinapigania pale, kisha ukague masikio ya nyuma. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba, wenye kutu kidogo pembeni, ni ufa. Usipake rangi juu yake. Toa rangi, angalia chuma, na bomba likiwa limepasuka badilisha bomba zima.