Msiuze bodi kwa kilo

Mhariri, juma hili mmetuuliza: kitu gani cha zamani usingekubali kiuzwe chuma chakavu? Mimi nasema basi la zamani, na hasa bodi yake.

Ninayo mawili uani kwangu Uyole, Mbeya. Linalotembea ni Albion, yale yenye nembo ya jua linalochomoza. Kampuni hiyo ilianza Glasgow mwaka 1899, Leyland wakainunua 1951, na 1972 jina likafutwa. Wazee wa huku wanalijua. Marehemu baba alikuwa tanboi, yaani utingo, wa mabasi ya Relwe, ndivyo walivyoyaita mabasi ya shirika la reli la Afrika Mashariki yaliyobeba abiria Nyanda za Juu Kusini tangu enzi za barabara ya vumbi.

Albion langu nililikuta Igurusi limegeuzwa stoo ya mpunga, pumba zimejaa hadi kwenye kanyagio la breki. Mwenye shamba alikwishaongea na wanunuzi wa skrepa. Nikampa bei yao, nikaongeza na mfuko wa mbolea.

Wengi hudhani basi zima lilikuja na meli. Aghalabu ilikuja chasisi: mihimili miwili ya chuma, injini, ekseli na usukani. Bodi ilijengwa huku kwetu Afrika Mashariki na maseremala na mafundi bati. Nilipong'oa bati la aluminiamu chini ya dirisha la nne, upande wa dereva, nilikuta nguzo ya mninga ina maandishi ya penseli: inchi 27 na nusu, imekatwa kwa mstari, pembeni 27 na robo. Fundi alipima, akakosea, akapima tena. Nilikaa na tochi palepale mpaka mama watoto akaja kuniita chakula. Chasisi za aina ile zilitoka kiwandani nyingi zinazofanana; nguzo ile ni moja tu.

Mti ulikuwa mzima. Kilichooza ni bati, pale lilipokutana na riveti za chuma alizopiga fundi wa baadaye. Maji ya mvua yakikaa katikati ya chuma na aluminiamu, aluminiamu huliwa ikawa unga mweupe, na mvua zetu mnazijua. Riveti hizo nimezitoboa zote, nikapiga za aluminiamu, na kila bati linapogusa chuma nimepaka rangi ya kuzuia kutu na kuweka utepe wa raba. Miezi mitano hiyo.

Injini haikunisumbua sana: ringi mpya, pampu na nozeli zikapimwa. Ila vijana wa gereji, nawasihi, nati zake ni za inchi. Spana ya milimita inazila kona, na ukishazivuruga kuzipata tena ni shida. Kwenye breki sikukubali haraka. Lainingi ni mpya, kila riveti imezama ndani ili isikwaruze dramu. Baba alikuwa akisema mlima wa Kitonga unashuka kwa gia ileile uliyopandia, na breki iwepo kwa ajili ya dharura. Kitonga bado sijalipeleka. Kwa sasa naenda nalo Mbalizi na kurudi.

La pili limekwama kwa kukosa raba za vioo na pampu ya maji. Na kama kuna msomaji wa Chunya, Makambako au Mafinga anayejua basi la namna hii limelala shambani, tafadhali lisikatwe kabla fundi hajafungua bati moja akatazama fremu.