Siku niliyotolewa kwenye dramu studio, na ninachowaambia mnaoanza

Mwaka wa tatu wa kupiga dramu nilitolewa studio. Tulikuwa tumezifanyia mazoezi zile nyimbo mwezi mzima, tukafika, nikafunga dramu zangu, nikakaza ngozi, tukapiga mara tatu au nne hivi, mara prodyuza akamvuta mwimbaji wetu pembeni wakaongea, halafu akaingia jamaa mwingine na vijiti vyake mkononi akakaa kwenye kiti changu. Mimi nikapewa kayamba. Njiani kurudi nyumbani nililia, na sioni aibu kulisema hilo hapa.

Kilichonirudisha ni kusoma habari za Ringo Starr, mpiga dramu wa Beatles, ile bendi ya Uingereza. Aliingia Beatles Agosti 1962, na Septemba 11 mwaka huohuo alipofika studio London akakuta ameitwa Andy White, mpiga dramu wa kulipwa kwa kazi, ndio apige wimbo wa Love Me Do, na Ringo akapewa tari. Nikajiuliza, huyu ndiye ambaye dunia nzima inamjua? Maana White kazi yake ilikuwa hiyo siku moja tu, na Ringo ndiye aliyebaki akapiga karibu kila kitu mpaka bendi ikavunjika 1970.

Kwa hiyo ukitolewa usikimbie. Kaa studio, msikilize huyo aliyewekwa badala yako anafanya nini. Mimi nilimsikiliza yule jamaa nikagundua alikuwa anapiga vitu vichache kuliko mimi, kama nusu hivi, lakini kila kimoja kilikuwa mahali pake na mpiga besi wetu alikuwa ametulia kabisa, kitu ambacho mimi sikuwahi kumpa. Pale ndio nilielewa kazi yetu ni nini hasa.

Mtazameni pia Charlie Watts, mpiga dramu aliyekaa na Rolling Stones, bendi nyingine ya Uingereza, kuanzia 1963 mpaka alipofariki Agosti 2021 akiwa na miaka 80. Yeye moyo wake ulikuwa kwenye jazi, na miaka yote hiyo alitumia dramu chache tu mbele ya umati wa viwanja vikubwa. Angalieni mkono wake wa kulia kwenye hai-hati, yale matoazi mawili ya kukanyaga. Wengi wetu tunapiga hai-hati mfululizo bila kuacha, ila yeye kila snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, inapolia anauinua ule mkono, hagusi toazi, yaani snea inasikika peke yake, safi, halafu mkono unarudi. Nimeifanyia mazoezi hiyo kitu miezi na miezi, taratibu sana na metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, na mwanzoni mkono unagoma kwa sababu umezoea kwenda tu. Jaribuni. Wimbo unapata nafasi ya kupumua.

Na kama unatumia mkono wa kushoto usikubali mtu akwambie una kasoro. Ringo ni wa kushoto lakini alipiga dramu zilizopangwa kwa mtu wa kulia, ndio maana anapozunguka dramu zake mikono inapita njia ambayo wengine hawapiti, na yale mapigo yake ya kujaza nafasi kati ya mistari ya wimbo mpaka leo watu wanahangaika kuyaiga.

Mambo ya hela sasa, hapa naomba mnisikilize vizuri maana imeniuma. Mirabaha ya utunzi inakwenda kwa aliyeandikwa kuwa ametunga wimbo, na mpiga dramu mara nyingi jina lake halimo, hata kama ule mdundo ndio unaofanya watu wautambue wimbo sekunde ya kwanza tu. Mimi nina nyimbo mbili za hivyo na sikuuliza mapema, nilipokuja kuuliza karatasi zilishasainiwa. Ulizeni kabla ya kurekodi, mkiwa bado mnapendana. Dave Clark, mpiga dramu aliyeongoza Dave Clark Five miaka hiyohiyo ya sitini, alihakikisha rekodi za bendi zinabaki mali yake mwenyewe, na alikuwa kijana tu wakati huo.

Pombe sitaongea sana, Ringo mwenyewe aliacha 1988 na mwaka uliofuata akaanzisha bendi yake ya All-Starr na akaendelea kuzunguka nayo dunia hata baada ya kuvuka miaka 80. Hesabu wenyewe.

Halafu kuna siku utachoka na bendi yako. Ringo aliondoka Beatles Agosti 1968 kama wiki mbili hivi akiona hapendwi na hapigi vizuri, wenzake wakamwomba arudi, na alipoingia studio akakuta dramu zake zimepambwa maua. Ukichoka sema, pumzika, usiondoke kimyakimya kama nilivyofanya mimi kwenye bendi yangu ya kwanza, hatujaongea tena mpaka leo na bado nawakumbuka.

La mwisho masikio. Hai-hati inakaa upande wa kushoto, na sikio langu la kushoto lina mlio mwembamba kama mbu, usiku ndio unazidi na haujaondoka miaka sita sasa. Tafuteni vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti bila kuiziba kabisa, na muwe navyo hata kwenye mazoezi, maana mimi niliumizwa na mazoezi kuliko shoo, chumba kidogo, masaa manne, mara tatu kwa wiki.