Guì: Herufi ya Kichina Iliyonifanya Nijibu Bei Nilipoulizwa Jina

Neno la kwanza la Kichina nililojua kulitumia lilikuwa la kulalamika. Tài guì le! Ghali mno! Yeyote aliyewahi kufuata mzigo Guangzhou analijua. Muuzaji anaandika bei kwenye kalkuleta, anakugeuzia uione, wewe unasema tài guì le, unafuta, unaandika yako, naye anakunja uso kama mtu mwenye jino bovu. Mnaendelea hivyo mpaka mmoja achoke. Nikajiona nimeimaliza lugha.

Siku moja nikaingia ofisi ya wakala wa kontena kuchukua karatasi za mzigo. Mzee aliyekaa nyuma ya meza akainuka kidogo, akaniuliza kwa upole: Nín guì xìng? Mimi nilichosikia ni guì tu. Nikajibu haraka haraka, hapana, si ghali, bei yenu nzuri. Ofisi nzima kimya, halafu kijana mmoja akainama kama anaokota kalamu, mabega yanamtikisika. Mzee alikuwa ameniuliza jina la ukoo. Ukilichambua swali lake, alisema: ukoo wako mtukufu ni upi?

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoniuliza mwanze wapi na Kichina, jibu langu ni moja: chukueni herufi hii, 贵, mkae nayo wiki nzima kabla ya kukariri sentensi za kwenye simu. Inamaanisha ghali. Inamaanisha pia mwenye cheo, mtukufu, wa kuheshimiwa. Wachina hawakuona sababu ya kuyatenganisha hayo, na sisi tusishangae sana, maana azizi kwetu ni kitu cha thamani na ni mpenzi vilevile.

Itazame kwa chini. Kile kipande 贝, kinachosomwa bèi, ni kauri. Ndiyo, kauri hii hii ya pwani. Katika maandishi ya kale yaliyochongwa kwenye mifupa huko Anyang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, imechorwa hivyo hasa, gamba lililopasuka katikati. Anyang iko bara, mbali na bahari yenye joto ambako kauri huishi, kwa hiyo kila gamba lililofika huko lilikuwa limesafiri na lilikuwa na mwenyewe. Mwaka 1976 wachimbaji wa mambo ya kale walifungua kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding aliyefariki karibu mwaka 1200 KK, wakakuta kauri zaidi ya 6,800. Wafalme walipotaka kumshukuru mtumishi walimpa kauri zilizotungwa kwenye uzi, na watu wakajivunia zawadi hiyo kiasi cha kuiandika kwenye vyombo vyao vya shaba. Tungo hiyo iliitwa péng. Ndiyo péng ya péngyou, rafiki, neno ambalo wauza maduka wa Guangzhou wanatuitia kutwa nzima.

Hapa huwa nashindwa kujizuia. Waganda mpaka leo pesa wanaiita ensimbi, na simbi ni kauri. Karne ya 19 meli za Hamburg zilipakia kauri Zanzibar kwa shehena, zikaenda kuzitumia kama fedha Afrika Magharibi. Na Kiswahili chenyewe kinaita kauri gamba la baharini na pia sahani ya udongo mwororo wa Kichina, zile zilizopachikwa kwenye makaburi ya zamani Kunduchi. Mtu wa pwani anayejifunza Kichina hajifunzi kitu kigeni kama anavyodhani.

Sasa sehemu ya juu ya herufi. Mtandaoni utakutana na walimu wanaokuambia: hiyo ni zhōng, katikati, hiyo ni yī, moja, na chini pesa, basi mtukufu ni yule aliyekaa katikati ya pesa. Hadithi tamu, na kama inakusaidia kukumbuka, itumie. Ila usiisimulie mbele ya Mchina aliyesoma. Xu Shen, aliyekamilisha kamusi yake ya herufi mwaka 100, alieleza kwamba pale juu kuna umbo la kale la neno kuì, yaani kapu, na kazi yake ni kutoa sauti. Kapu likabadilika sura karne kwa karne mpaka likafanana na zhōng kwa bahati tu. Maana aliyoiandika Xu Shen ni fupi: kitu kisicho rahisi. Rahisi ya bei, si ya kazi.

Faida ya kuijua kauri ni kwamba inakufungulia duka zima. Bidhaa ni huò 货, kauri iko chini. Mali ni cái 财, kauri iko kushoto. Tamaa, tān 贪, kauri. Maskini ni pín 贫, juu yake kuna herufi ya kugawa: kauri zimegawanywa zikaisha. Kinyume cha guì ni jiàn 贱, kitu duni au mtu duni, na humo pia kuna kauri. Mimi nilijaza daftari zima kwa kipande hiki kimoja, na tangu hapo ankara za mzigo ziliacha kuwa ukuta wa michoro. Kwenye maandishi ya zamani, ya Hong Kong au Taiwan utaikuta 貴, mistari 12. China bara wameipunguza hadi 9. Kauri ni ile ile, imepunguzwa tu.

Kuhusu adabu, shika hili kuliko yote: guì unampa mwenzio, hujipi mwenyewe. Guì gōngsī ni kampuni yako wewe ninayeongea nawe. Guì guó ni nchi yako. Kampuni yangu mimi siwezi kuiita hivyo hata kwa utani. Na ukiulizwa nín guì xìng, jibu la kiungwana ni miǎn guì, xìng..., yaani utukufu uweke kando, ukoo wangu ni fulani. Sisi tuliolelewa kusema karibu kibandani kwangu wakati nyumba ina vyumba vitano hatuna haja ya kufundishwa mara mbili.

Chunga sauti. Guì inashuka kwa nguvu, kama unavyomwambia mtoto "Acha!" Ukiishusha kidogo kisha ukaipandisha, guǐ, umetaja mzimu. Ukiiweka juu bila kuyumba, guī, ni kobe, na kobe kwa Wachina ni tusi. Nimeyasema yote mawili kwa watu wazima, tuyaache.

Ukishaijua utaiona kila mahali. Mlango wa chumba cha wageni maalumu stesheni umeandikwa guìbīn. Magari ya mkoa wa Guizhou yana 贵 kwenye namba zake, na mara ya kwanza nilidhani ni magari ya wakubwa. Yang Guifei, yule mrembo wa zama za Tang, guìfēi si jina lake bali cheo cha suria wa heshima alichopewa mwaka 745. Na mtu anayekuinua ukiwa umekwama, akakukopesha mtaji au akakuonyesha kiwanda cha kweli badala ya dalali, anaitwa guìrén. Huyo anaweza kuwa mlinzi wa geti.

Mengzi, mwanafalsafa wa karne ya 4 KK, aliichezea herufi hii vizuri. Alisema watu wote wanatamani kuwa guì, na kila mmoja tayari anayo ndani yake, ila hafikirii. Guì ya kupewa na watu si yenyewe, maana aliyopewa mtu na mkubwa Zhao Meng, Zhao Meng huyo huyo anaweza kumnyang'anya. Niliposoma hapo nilimkumbuka bibi yangu na maneno yake ya uungwana ni vitendo.

Mwaka uliofuata nilirudi ofisi ile ile. Mzee hakunikumbuka, au alijifanya. Nín guì xìng? Nikainamisha kichwa: miǎn guì. Nikataja ukoo wangu, akauandika polepole kwa herufi tatu alizozichagua mwenyewe, akanimiminia chai. Kisha akanitajia bei ya kontena, nami nikalirudia lile neno langu la kwanza.