Shangazi, niinunue Vespa nyekundu kimyakimya?

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili.

Una miaka 46, ni mwalimu hapo Ngamiani, Tanga, na umevunja kikoba ukapata milioni 3. Unataka Vespa. Ulipokuwa mdogo marehemu baba yako alikupeleka shule umesimama mbele, katikati ya magoti yake, nawe umeshika usukani ukiamini unaendesha. Sasa umeonyeshwa mbili. Nyekundu ipo gereji, inang'aa, inauzwa milioni 2 na laki 8. Ya kijivu ni ya mzee mmoja wa Chumbageni, imelala chini ya mwembe tangu 2015, tairi zimekaa chini, naye anataka laki 9. Mumeo anasema mwanamke mzima hapandi Vespa, watu watasema nini. Unaniuliza kama umerudi utotoni, na kama ununue nyekundu bila kumwambia, aikute uani.

Hujarudi utotoni. Baba yako hakuwa mtoto alipokuwa akiendesha yake. Na hilo la mwanamke mzima, chombo chenyewe kinalikataa. Aliyeibuni Vespa, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege. Pikipiki hakuzipenda, aliziona zinachafua nguo na zinasumbua kupanda. Kwa hiyo Vespa iliyotoka Pontedera, Italia, mwaka 1946 injini yake imefunikwa na mbele imeachwa wazi, mtu anaingia bila kuinua mguu. Gauni lako halina ugomvi nayo.

Nyekundu ndiyo inayonitia hofu. Mwaka 1994 marehemu mume wangu alinunua ya buluu Dar es Salaam, rangi mpya, unajiona usoni. Miezi mitatu baadaye, kwenye mteremko wa Jangwani, alikanyaga breki ya nyuma, pedali ikazama na kipande cha bati chini ya kiatu chake. Akaokolewa na breki ya mbele. Tulipoigeuza ubavu tukakuta pale pa kuwekea miguu hapakuwa na bati tena. Palikuwa puti, ule udongo wa kuziba mashimo ya bati, juu ya kutu, na rangi juu ya puti.

Pikipiki ya kawaida ina fremu ya mabomba, kifuniko kikioza unabadilisha. Vespa haina fremu nyingine: lile bati ndilo linalobeba injini, usukani na wewe. Likioza limeoza gari zima, nasi tunaishi na upepo wa chumvi. Basi tafuta sumaku, hata ya spika bovu, uifunge kwenye kitambaa laini na uipitishe taratibu pale pa miguu, hasa kulizunguka pedali ya breki, kisha chini ya kiti. Ikilegea mahali, hapo pana puti nene. Halafu lala chini na tochi uangalie kwa upande wa barabara. Kutu ya juujuu inasuguliwa. Tundu, au bati lililochomelewa juu ya bati, liache kwa mwenyewe.

Mengine ni mafupi. Nenda asubuhi bila kutoa taarifa na ushike injini kabla haijapigwa kiki, maana ikiwa ya moto, kuna kinachofichwa. Moshi kidogo wakati wa kuwaka ni kawaida yake. Moshi mweupe mzito usiokoma unaweza kuwa sili ya krenki iliyokufa, ule mpira wa kuzuia oili, na injini inakunywa oili ya giaboksi. Ukiachia mafuta nayo ikapandisha mlio yenyewe, huenda inavuta hewa pasipostahili, na hiyo huishia kunoki, yaani pistoni kugandana na silinda. Kisha vua kifuniko cha ubavu wa injini, usome namba iliyogongwa kwenye bati na uilinganishe na kadi. Umeandika kwamba kadi ya nyekundu ina jina la mtu ambaye muuzaji hamjui. Mimi hapo ningeondoka hata kama bati ni zima, kwa sababu anayekuhamishia umiliki ni yule aliyeandikwa kwenye kadi.

Mzee wa Chumbageni yu hai, kadi ina jina lake, na rangi ni ile aliyoinunua nayo. Kutu yake unaiona kwa macho. Ikiwa ni Bajaj Chetak usiidharau. Bajaj ya India ilitengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio, kampuni yenye Vespa, mpaka 1971, ikaendelea na Chetak yake, na huenda hata ya baba yako ilikuwa hiyo, maana zote tuliziita Vespa. Sumaku ikishika vizuri, lipa hizo laki 9 na usiiwashe siku hiyo. Tangi lisafishwe, kabureta ifunguliwe, sili zote, tairi, tyubu na waya za breki na klachi ziwe mpya. Rangi iwe ya mwisho, au isiwepo kabisa. Ringi yake ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati, kwa hiyo mwambie fundi atoe upepo wote kabla ya kugusa nati yoyote. Ringi ikiachana na tairi limejaa inaumiza vibaya.

Na mafuta, mwanangu. Bodaboda za siku hizi ni za mipigo minne, oili yake inakaa chini peke yake. Hii ni ya mipigo miwili, oili inachanganywa na petroli. Nyingi zinataka asilimia 2, yaani mililita 100 kwa lita 5, ila za zamani zaidi zinataka nyingi kuliko hapo, muulize mzee alikuwa akiweka kiasi gani. Petroli tupu itaua pistoni.

Mumeo mwambie kabla hujatoa hata shilingi. Hela ni zako, sikutumi kuomba ruhusa. Ila akiikuta uani atabishana na siri yako, na Vespa yenyewe hatakuwa ameitazama. Mweleze habari ya baba yako na magoti yake kama ulivyoniandikia mimi, maana kwenye barua sikuona mahali uliposema kwamba anaijua. Kisha Jumamosi asubuhi nendeni wote Chumbageni. Wewe utakuwa umelala chini ya mwembe na sumaku mkononi, na lazima mtu akushikie tochi.