Cha bure kilichonigharimu wiki tatu

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, programu ikiwa ya bure, leseni ya nini tena?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi mwenyewe niliwahi kumtambia mteja kwa maneno hayo hayo.

Nilimjengea tovuti ya kupokea oda. Ilikuwa nzuri, nasema bila haya. Kipande cha kutengeneza ankara za PDF nilikiokota mtandaoni, nikakichokonoa na kukipachika usiku mmoja, asubuhi kikafanya kazi. Faili la LICENSE lilikuwa pale pale juu kwenye folda. Sikulifungua. Kwenye mkataba nikasaini kwamba msimbo wote ni siri na mali ya mteja peke yake.

Baadaye mteja akataka kuuza biashara. Mwanasheria wa mnunuzi akapekua folda moja moja, akaniletea barua pepe ya mstari mmoja: "Hii AGPL mmeishughulikiaje?" Nikaganda. Ndiyo leseni ya kile kipande nilichookota. Toleo lake la 3, la mwaka 2007, linasema ukibadilisha programu na watu wakaitumia kupitia mtandao, uwape nafasi ya kupata msimbo wake. Na mimi nilishaichokonoa! Wiki tatu niliandika upya kile kipande, bila malipo. Mteja hakunipigia tena. Bado inaniuma.

Basi nisikilizeni, vijana. Leseni iitwayo MIT haina makuu: acha tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yabaki. Nyinyi mnaofuta yale maandishi juu ya faili la JavaScript eti liwe jepesi, mnafuta kitu pekee mlichoombwa. Leseni ya GPL, ambayo ndiyo ya WordPress, ule mfumo wa kujengea tovuti, haikukatazi kutoza hela. Inakukataza kumnyima mteja uhuru uliopewa wewe. Ukimkabidhi plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza, uliyoijenga juu ya msimbo wa GPL, usimwandikie kwamba haruhusiwi kuigusa. Na msimbo usio na leseni yoyote? Huo ndio uuogope zaidi, maana haki zote bado ni za aliyeuandika.

Nilimjibu yule msomaji: fungua faili kwanza, ndipo upachike. Akauliza mkataba wangu siku hizi unasemaje. Unasema nilichoandika mimi ni cha mteja, vya watu vinabaki na leseni zao, na orodha imeambatishwa. Mteja wa mwisho aliisoma orodha hiyo mpaka chini, akaniuliza: "Sasa wewe umeandika kipi?"