Dada wa Masasi, gawa deskitopu kwa kazi, si kwa programu

Dada, nimekuelewa: una deskitopu pepe saba kwenye Windows 11, yaani nafasi saba za kazi ndani ya kompyuta moja, kila moja na madirisha yake, na mkulima akisimama mlangoni kuulizia malipo ya korosho unazizunguka zote kutafuta jedwali moja. Msimu wa minada hilo linachosha kweli. Mimi natunza hesabu za chama cha ushirika hapa Nachingwea, nilipita humohumo.

Kosa langu lilikuwa kugawa kwa programu: Excel huku, barua pepe kule. Kazi moja ikanirusha deskitopu tatu. Weka stakabadhi za ghala na jedwali lake pamoja, malipo ya wakulima pamoja, mawasiliano peke yake. Basi. Zikizidi nne, kichwa hakishiki.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Tab, deskitopu zote zionekane, bofya kulia kila deskitopu uipe jina, kisha ziburute zikae kwa mpangilio usioubadilisha tena. Kila moja iwe na picha yake ya nyuma. Jicho hutambua kabla hujasoma. Kuhama ni Windows, Ctrl na mshale. Kikokotoo nacho, rudi kwenye Windows na Tab, bofya kulia dirisha lake, uchague kionekane kwenye deskitopu zote.

Ila deskitopu pepe haziongezi kumbukumbu ya kompyuta. Ukifungua mafaili mengi, mashine italemewa vilevile. Umeme ukikatika, majina hubaki lakini kazi ambayo hukuihifadhi inaweza kupotea. Tena si ulinzi: anayekalia kiti chako anaziona zote, na humo mna fedha za watu. Ukiinuka, bonyeza Windows na L kufunga skrini. Mashine ikianza kujizima yenyewe, hilo ni la fundi.